Fizikia kwa Baba Mkwe

F ya fizikia niliipata nikiwa msichana, nikaolewa nayo. Biolojia na kemia nilifaulu, siyo kwa kishindo, lakini nilifaulu. Chuo cha uuguzi wanataka yote matatu na hawana mjadala. Basi miaka ikaenda, nikazaa, nikalima, nikauza parachichi kwa wanunuzi wanaokuja na magari yao kijijini, na ile F ikabaki pale pale. Kila nilipopeleka mtoto kliniki nikawaona wauguzi wanavyopima watoto na kujaza kadi, roho iliniuma. Sisemi uongo, ulikuwa wivu mtupu.

Mtoto wangu wa mwisho alipoanza shule nikatangaza nyumbani kwamba narisiti, narudia mtihani wa fizikia. Mume wangu ni fundi ujenzi, siku za kazi anakaa Mbeya, anarudi mwisho wa wiki. Alinisikiliza huku anavua viatu, akasema, "Sawa, mama. Lakini mara moja tu. Shamba likikaa msimu mzima bila mkono wako tutaumia. Ukikosa, tusisikie tena habari za uuguzi humu ndani."

"Mara moja inatosha," nikajibu, kidomodomo kama kawaida yangu. Usiku nikakosa usingizi. Nilijijua. Kusoma peke yangu nisingeweza, lazima nipate wa kunifundisha, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kozi ya wanaorudia mtihani, kule mjini Tukuyu, Ibighi, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la spea za pikipiki. Ya pili ni kutafuta mwalimu wa kunifundisha mwenyewe, nyumbani. Sisi tunaishi Kisondela, na ukiuliza Kisondela nzima nani anajua fizikia, watakuonyesha nyumba moja: ile iliyo mbele ya jiko langu. Mwenye nyumba amefundisha fizikia sekondari maisha yake yote mpaka akastaafu. Watu wenye mvi wakikutana naye barabarani wanavua kofia na kumwita mwalimu. Mimi hata nauli nisingehitaji, wala nisingenyeshewa. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba yule ni baba mkwe wangu.

Nina rafiki anauza vitenge sokoni, wazee wake walikuja kutoka pwani. Nilipomweleza aliniangalia kama nina homa. "Dada, una mwalimu uani kwako, unahangaika nini?" Ikabidi nimfafanulie. Kwetu Wanyakyusa kuna jambo linaitwa ukutila. Mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani, unampa mgongo mpaka apite. Hamkai chumba kimoja, hamsalimiani, jina lake hulitamki hata kwa bahati mbaya. Siyo ugomvi, ni heshima, na yeye anakuheshimu vile vile. Siku hizi familia nyingi zimeacha, mkwe na baba mkwe wanakula meza moja na kupigana picha. Kwetu hawajaacha. Tangu niolewe, baba mkwe nilimjua kwa sauti yake, kwa buti zake za mvua pale barazani, na kwa mgongo wa koti lake akiondoka.

Rafiki yangu alicheka mpaka akakalia mzigo wa vitenge vyake. "Basi nenda kozi," akasema.

Nikaenda kozi. Mara mbili kwa wiki, Jumatano mchana na Jumamosi asubuhi, napanda bodaboda na ule ukungu wetu unaoingia mpaka kwenye mifupa, nafika nimelowa, nakaa na watoto waliomaliza shule juzi. Wale watoto hawakuwa na neno. Walinipisha kiti cha nyuma karibu na mlango, wakaniita mama. Aliyenishinda ni mwalimu. Kijana mdogo, kichwa kizuri, ila alifundisha kama anakimbizwa. Anajaza ubao, anafuta kwa mkono wa shati, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Siku moja nikapiga moyo konde, nikauliza kuhusu umeme. Akatabasamu. "Mama, hilo ni la kidato cha pili. Kalisome nyumbani."

Jamani! Nilichemka. Kama ningeweza kulisoma nyumbani ningekuja kufanya nini huku, kumwangalia yeye? Nilirudi Kisondela nimevimba uso kwa hasira, nikamweleza mama mkwe yote, nikiwa namenya ndizi vipande vipande kama nina kisa nazo.

Mama mkwe wangu ni mtu wa vitendo. Alivuka ua kwenda nyumba kubwa. Aliporudi alikuwa amekwishapanga. Baba mkwe atakaa barazani akiangalia migomba. Mimi nitakaa jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo. Yeye mwenyewe atakaa katikati na kigoda chake, na maneno yatapita kwake. "Amekubali upesi sana," akaniambia. "Kumbe alikuwa anangoja kuombwa."

Ndivyo nilivyopata tuisheni binafsi. Ilikuwa hivi: baba mkwe anasema kutoka barazani, kwa sauti ya darasani, "Mwambie mwenzako achore saketi yenye betri na balbu mbili." Mimi nimesikia kila neno, siyo kiziwi. Lakini siwezi kumjibu, basi nangoja. Mama mkwe anageuza shingo, "Anasema uchore saketi yenye betri na balbu mbili." Nachora. "Mama, mwambie nimemaliza." Anageuka upande wa pili, "Anasema amemaliza." Na baba mkwe, "Vizuri sana, mwambie aendelee."

Niliona raha, haki ya Mungu. Wiki kadhaa nikawa naambiwa vizuri sana, vizuri sana, nikaanza kujiona muuguzi. Mpaka siku aliyomwambia mama mkwe amletee karatasi zangu azisahihishe. Zikaenda. Kisha nikasikia kutoka barazani, polepole, "Mwambie mwenzako amekosea tangu saketi ile ya kwanza. Yote yaliyofuata amejengea juu ya hilo kosa." Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa ananifundisha asichokiona, na mimi nilikuwa namjibu nisichokijua, na katikati yetu kuna mama wa watu ambaye fizikia haijawahi kumkosesha usingizi.

Tukajaribu tena. Mimi nauliza kwa nini, mama mkwe anapeleka, jibu linarudi limepungua, nauliza tena. Mwishowe alisimama na kisu mkononi. "Hee! Mimi siyo simu yenu. Mbalaga yangu imeshika chini tangu mlipoanza hizo balbu zenu." Na kweli, harufu ya ndizi kuungua ilikuwa imejaa jiko zima. Siku ile tukala mkaa.

Mwisho wa wiki mume wangu akajitia ushujaa, akamwendea baba yake. Mimi nilibaki jikoni, masikio yote nje. Akasema, "Baba, dunia imebadilika. Si tuache tu haya mambo, akae mezani umfundishe?" Baba mkwe hakukasirika. Alisema, "Leo nitamwangalia mkamwana wangu usoni kwa sababu ya fizikia. Kesho kwa sababu ya nini? Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu, nikianza kuvunja mimi, nani atashika?" Mume wangu akarudi ameufyata. Badala ya kunipa pole, akanigeuzia kibao. "Chagua moja, mama. Kozi au tuisheni. Unakimbia huku na huku, mtihani hausubiri."

"Nichague nini?" nikamjibu. "Kozi kuna mwalimu anayeniona lakini hataki kunijibu. Huku kuna anayetaka kunijibu lakini haruhusiwi kuniona. Wewe ungechagua nini?" Akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Kozi nayo ikaamua mambo yake. Yule mwalimu kijana alipata ajira ya serikali, akaondoka kwenda kituo chake cha kazi, tena kwa furaha, na sikumlaumu. Tukaambiwa fizikia itasimama mpaka apatikane mwingine. Mtihani ulikuwa umekaribia. Nilirudi nyumbani na mvua, nikakaa mbele ya moto na nguo zangu mbichi, nikalia. Nililia kwa sauti, bila aibu, maana niliona wazi kwamba imekwisha. Mara yangu moja ilikuwa inaondoka na mimi sijajua hata umeme unavyopita kwenye waya.

Mama mkwe aliingia, akanitazama, akakaa. Kisha akauliza, "Jumapili iliyopita, tangazo la harambee kanisani alisoma nani?"

"Si unajua," nikasema. Jina sikuweza kulitaja.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Upande wa wanawake."

"Ulitoka nje aliposimama?"

"Mama, kanisani tuko watu wengi."

"Haya," akasema, akainuka. Nikadhani ameniona mpumbavu, nikaendelea kulia.

Jumamosi iliyofuata senta ile ya kozi walitutumia ujumbe kwamba mwalimu mpya amepatikana. Nikaenda mbio. Tulikuwa tumekaa, kelele tele, mara mlango ukafunguliwa na nikaona zile buti. Mwe! Sikufikiri. Mwili wenyewe ulijua la kufanya. Nikajitupa chini ya dawati na kitenge changu kichwani, nikabaki huko nimejikunyata kama kuku aliyeona mwewe. Vijana wakashtuka. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, unamdai au anakudai?"

Wenzangu walisimama, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, kaeni." Nikasikia hatua zake zikienda mpaka ubaoni, nikasikia chaki. Kisha akasema, "Mimi nafundisha nikiangalia ubao. Msininyooshee mikono, sitaiona. Mwenye swali aseme kwa sauti, popote alipo, hata kama ni chini ya dawati. Humu ndani sina ndugu. Nina wanafunzi."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kule chini nikielewa taratibu kwamba mzee wa heshima zake, aliyestaafu na kupumzika, ametembea kwa miguu kutoka Kisondela kwenye tope lile kuja kufundisha watoto wa watu, ili mimi mmoja nisikie. Nikatoka chini ya dawati. Alikuwa ametupa mgongo. Nikakaa kwenye kiti changu.

Tukaendelea hivyo. Vijana mwanzoni walinung'unika, wakasema mzee ana maringo, mzee haoni vizuri. Kulikuwa na msichana mmoja wa Nkunga, Mnyakyusa mwenzangu, akashika mambo upesi, akawanong'oneza. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena, na kiti cha karibu na mlango hakuna aliyekigusa. Kichekesho kilikuwa njiani. Yeye alitangulia mapema kwa miguu, mimi nikifuata na bodaboda, na tulipompita nilijifunika uso na kitenge na kugeukia upande wa mashamba ya chai. Dereva aliniuliza tunakwenda wapi na haraka hiyo. Nikamwambia kusoma. "Kwa nani?" Nikasema kwa yule tuliyempita. Alitingisha kichwa mpaka tukafika mjini.

Alifundisha polepole. Hakufuta ubao mpaka asikie kalamu zimenyamaza. Nilielewa mambo ambayo sikuwahi kuyaelewa nikiwa na akili changa ya shule. Lakini kuuliza sikuuliza. Nilijiambia kusikiliza kunatosha, kwamba wenzangu wataniulizia. Miaka yote ile sikuwa nimemwambia yeye mwenyewe neno moja, ningeanzaje?

Tukafika kwenye ukinzani wa umeme. Akasema ukiongeza kizuizi kingine kwenye njia ya pembeni, ukinzani wa jumla unapungua. Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ikagoma. Unapunguaje? Umeongeza kizuizi! Hapa ndipo nilipokosea tangu nikiwa msichana, na hapa ndipo nilipoharibu karatasi zote kule jikoni. Niliangalia huku na huku, hakuna anayeuliza. Nikamkonyeza yule msichana wa Nkunga, na yeye akatikisa kichwa, kwamba ameelewa. Baba mkwe akachukua kifutio. Nikaona kabisa kwamba kikipita kile kifutio, na chuo changu kimepita.

"Mwalimu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Mkono wake ukasimama hewani. Darasa zima likanyamaza, hata duka la spea nadhani lilinyamaza. Nikauliza, "Kizuizi kimeongezeka. Kwa nini ukinzani unapungua?"

Hakugeuka. Akaweka kifutio chini. "Fikiria kanisa lina mlango mmoja," akasema. "Ibada imekwisha, watu wanatoka. Kuna msongamano?"

"Upo, Mwalimu."

"Fundi akitoboa mlango wa pili pembeni, mwembamba, kila anayepita pale anabanwa. Umeongeza mahali pa kubanwa. Je, watu watachelewa zaidi kutoka?"

"Hapana, Mwalimu. Watatoka upesi, maana njia ni mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kizuizi kimeongezeka, lakini na njia imeongezeka."

"Sasa njoo…" akasema, akajikatiza. Alitaka kuniita ubaoni, ualimu ulimzidi. Akajirekebisha. "Kokotoa hapo hapo ulipo, utusomee jibu."

Nikakokotoa, nikasoma. Akasema, "Ni sahihi," akakichukua kifutio. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona. Kuanzia siku ile niliuliza mpaka wenzangu wakachoka. Mwalimu, na hapa? Mwalimu, na lenzi? Nilimfidia maswali yote ya miaka niliyokaa kimya. Nyumbani tukirudi, naingia migombani akipita.

Mtihani nikafanya. Siku matokeo yalipotoka mume wangu alipiga simu kutoka Mbeya, akisoma polepole kana kwamba mtandao utamdanganya. C. Siyo D, C! Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi. Kisha kutoka barazani nikasikia, "Mwambie mwenzako, hongera sana."

Mama mkwe akanigeukia, "Anasema hongera sana."

Nikasema, "Mwambie ndaga fijo. Nashukuru sana."

"Anasema ndaga fijo."

"Haya," akajibu kutoka kule.

Yakaisha. Watu wakala, wakaondoka. Ile asante niliyoipeleka ilikuwa ndogo mno, tena imepita kwa mtu. Darasani nilikuwa na neno la kumwita. Hapa nyumbani sikuwa nalo, na sasa nimefaulu, darasani sina tena sababu ya kwenda. Ndiyo kusema sitasema naye tena mpaka mmoja wetu azikwe? Nilikaa na hilo wiki nzima, likinila.

Yeye alikuwa ameendelea kufundisha. Senta ilikuwa imepokea vijana wapya, na mzee alikwishanogewa. Jumamosi nikavaa, nikampigia yule dereva wa bodaboda. Njiani tulimkosa, alikuwa amewahi. Nikafika Ibighi kipindi kimeanza, nikasukuma mlango.

Alikuwa amewageukia wanafunzi. Kwani kulikuwa na wa kumficha uso? Alikuwa anacheka na vijana kwa jambo fulani, na nikaona ana mwanya, ule ule wa mume wangu na wa watoto wangu wote. Miaka yote sikujua wameutoa wapi. Akaniona. Kicheko kikakatika, akageuka ubaoni taratibu, na vijana wakaniangalia mimi kama mwizi. Nikaenda nikasimama nyuma, karibu na mlango.

"Kuna mwenye swali?" akauliza ubao.

"Mimi sina swali, Mwalimu," nikasema. "Nilikwishafaulu. Nimekuja kukushukuru."

Alishika chaki juu, haandiki. Nikaona bega la koti lake likipanda na kushuka. Nilingoja. Vijana nao walingoja, bila kujua wanangoja nini.

"Kipindi hakijaisha," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Kaa."

Nikakaa. Nikaazima kalamu na karatasi kwa jirani yangu, nikaandika somo lote nililokwisha kulifaulu, neno kwa neno, mpaka alipotuambia twende.